Nafasi imechukuliwa na mwenye MBA mara mbili. Na mimi nikasome?

Swali: Shikamoo dada. Nina miaka 33, ni ofisa mikopo kwenye benki moja hapa Mwanza, huu ni mwaka wa saba. Shahada yangu ya kwanza ni ya biashara. Ndani ya miezi 15 nafasi ya meneja wa tawi imetangazwa mara mbili, nimeomba zote, na zote zimechukuliwa na watu wenye MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Kuna chuo kina MBA ya jioni, miezi 18, ada milioni 7.5. Akiba yangu ni milioni 4 na SACCOS ya kazini iko tayari kunikopesha milioni 6. Bodi ya Mikopo bado inanikata, imebaki miezi 14. Mama mkwe anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, yeye anaona hela hiyo tuiingize kwenye mzigo. Mume wangu anasema niamue mwenyewe. Tuna watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu. Nikipata umeneja mshahara wa mkononi utaongezeka kama 600,000. Dirisha la maombi linafungwa mwezi ujao. Nisome au nisisome?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate: mwaka huu usijiunge. Mwakani huenda nikakwambia nenda, tena nenda haraka. Kuna mambo ambayo barua yako haijayasema, na kuna moja kubwa ambalo nadhani hujaliona kwa sababu unautazama usaili kutoka upande wa anayeulizwa. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza ile miaka 19, nikiwa idara ya utumishi.

Nikusimulie usaili mmoja. Nafasi ilikuwa hiyo hiyo unayoitaka. Tulikuwa watano mezani, na waliofika hatua ya mwisho walikuwa watatu: ofisa mikopo mzoefu kama wewe, kijana mwenye MBA aliyetoka nje ya benki, na dada aliyekuwa msimamizi wa uendeshaji wa tawi, naye akiwa na MBA aliyoisoma jioni. Mkuu wa uendeshaji akawauliza wote swali moja: "Ni jioni, mnafunga hesabu za siku. Droo ya teller mmoja imepungua 1,200,000. Teller analia. Mlangoni kuna mteja mkubwa anagonga, hataki kuondoka. Unaanza na nini?"

Ofisa mikopo alisema atamtuliza teller, halafu atapiga simu makao makuu kuomba maelekezo. Kijana alizungumza vizuri sana kuhusu uongozi wakati wa shida, akatoa na mifano ya kampuni za nje, lakini pesa iliyopungua hakuigusa. Yule dada hakuwaza hata sekunde tano. "Teller anatoka kwenye kiti na haigusi droo tena. Naita mtu wa pili, tunahesabu wawili, noti kwa noti. Baada ya hapo vocha za siku nzima, naanza na miamala mikubwa, natafuta sifuri iliyoongezwa au vocha iliyoingizwa mara mbili. Isipoonekana inaandikwa leo leo kuwa ni upungufu, na ripoti inaondoka kabla kuba, chumba cha kuhifadhia fedha, halijafungwa. Mteja wa mlangoni namfuata mwenyewe, dakika mbili tu, namwambia saa ngapi nitampigia." Tuliendelea kuuliza maswali mengine kwa sababu utaratibu unataka hivyo, lakini jibu tulikuwa nalo.

Siku jina lilipotangazwa, ofisi nzima ikawa na neno moja: mmeona, wanachukua wenye MBA. Kweli alikuwa nayo. Mezani, katika majadiliano ya dakika 40, hakuna aliyeitaja. Tulichojadili ni kuba, vocha na ile ripoti ya jioni.

Ndiyo maana sentensi yako ya kwamba nafasi zote mbili zimechukuliwa na wenye MBA hainitoshi. Nataka kujua hao wawili walitoka wapi. Walikuwa mikopo, uendeshaji, au walishawahi kukaimu tawi dogo? Kwa uzoefu wangu, kinachowaangusha maofisa mikopo wengi kwenye umeneja ni hiki: mnawajua wateja kuliko mtu yeyote ndani ya jengo, mnajua nani analipa na nani anahama nyumba usiku, lakini tawi lenyewe hamjaliendesha. Meneja anabeba funguo za kuba pamoja na mwenzake, anajibu hoja za wakaguzi wa ndani, anapanga zamu, anasimamia ATM iliyokwama Jumamosi. Katika miaka yako saba, umewahi kukaa upande huo hata mwezi mmoja? Kama hapana, darasa la jioni halitalijaza pengo hilo. Utatoka na cheti, na swali la droo iliyopungua litakuwa palepale likikusubiri.

Sasa kuhusu MBA yenyewe. Harvard walipoianzisha mwaka 1908, na hata leo ilivyo katika vyuo vingi, masomo ya mwanzo yanamfaa zaidi mtu aliyetoka fani nyingine na sasa anatakiwa kusimamia fedha na watu: mhandisi, daktari, mwalimu, mtaalamu wa kilimo. Kwao ni dunia mpya. Muuguzi mkuu wa hospitali ya Bugando anayepewa bajeti ya idara, au mhandisi wa mgodi wa Geita anayepandishwa kusimamia mikataba, huyo nisingemzuia hata kidogo. Wewe una shahada ya biashara. Fungua mtaala wa hicho chuo, chukua kalamu, weka alama kwenye kila somo ulilokwisha kulisoma ukiwa shahada ya kwanza: kanuni za uhasibu, masoko, uchumi wa biashara, takwimu, tabia za watu kazini. Nakuhakikishia muhula wa kwanza utabaki na masomo machache sana yasiyo na alama. Kwa ngazi ya uzamili yanaingia ndani zaidi, hilo ni kweli. Swali ni kama kuingia ndani huko kuna thamani ya milioni 7.5 kwako wewe, leo.

Mimi ninayo MBA, kwa hiyo sikuzuii jambo ambalo sikulifanya. Niliisoma jioni, Dar es Salaam, nikiwa na miaka 36, na shahada yangu ya kwanza ilikuwa sosholojia. Somo la fedha lilinibadilisha. Nilikuwa nimekaa kwenye vikao vya menejimenti miaka mingi nikitikisa kichwa kila mizania ilipopitishwa mezani, na sikuwa naielewa. Baada ya muhula ule nilianza kuuliza maswali, na watu wakaanza kunisikiliza. Shahada ile ilijaza shimo nililokuwa nalijua. Nawe tafuta shimo lako kwanza ndipo utafute cha kulijaza.

Upande mwingine wa shahada yangu siupambi. Masomo ya darasani niliyamaliza kwa wakati, miezi 18. Tasnifu ikachukua miezi 26. Msimamizi wangu wa kwanza alihama chuo. Wa pili alikaa na sura ya tatu miezi minne, ikarudi ikiwa na neno moja pembeni kwa wino mwekundu: "fafanua". Nikafafanua, nikasubiri tena. Wenzangu kadhaa wa darasa lile hawakumaliza mpaka leo. Wana matokeo ya masomo yote na hawana shahada. Kwa hiyo chuo kikikwambia miezi 18, usiishie hapo. Nenda Jumamosi moja, kaa nje ya darasa, waulize waliojiunga miaka mitatu iliyopita: wangapi wamehitimu? Msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi? Je, kuna njia ya kumaliza kwa masomo na mradi mfupi badala ya tasnifu ndefu? Majibu ya hao yana uzito kuliko kipeperushi. Na ukisikia kuna mtu "anasaidia" kuandika tasnifu kwa laki kadhaa, kimbia. Nimeshawahi kumuuliza msailiwa tasnifu yake iligundua nini akabaki anatazama dari, na usaili wake uliishia pale.

Tuje kwenye hesabu, maana wewe ni mtu wa mikopo na ukipelekewa ombi hili na mteja ungelikagua kwa macho makali. Sikuona riba ya SACCOS yako kwenye barua, kwa hiyo nimeweka 1.5% kwa mwezi kwa salio linalopungua; wewe badilisha kwa ile halisi. Milioni 6 kwa miezi 24 inakupa rejesho la karibu 299,500 kila mwezi, na hadi mwisho utakuwa umelipa riba ya kama milioni 1.19. Ongeza kwenye ada ya milioni 7.5. Nauli na chakula cha jioni, siku nne kwa wiki, wiki 60, ukiweka 3,000 kwa siku, ni 720,000. Kukusanya data, kuchapa na kujalidi tasnifu, weka 800,000. Jumla imepita milioni 10.2, na sijamhesabu dada wa nyumbani ambaye saa zake zitaongezeka, wala bonasi utakayoikosa wateja wako wakichelewesha marejesho kwa sababu saa kumi na moja hauko tena barabarani kuwafuatilia.

Ukipata umeneja siku ile ile unayohitimu, ile 600,000 ya ziada itarudisha gharama hiyo kwa miezi 17. Hapo umeshasoma miezi 18, na tasnifu tunaiombea heri. Hiyo ndiyo hali nzuri kuliko zote. Usipoupata, hakuna mwezi utakaorudisha hata senti, na rejesho la 299,500 litakuwa linakatwa kila tarehe ya mshahara. Mkopo ambao marejesho yake yote yanategemea tukio moja lisilo mikononi mwa mkopaji ungeuidhinisha? Mimi nisingeuidhinisha.

Halafu kuna makato ya Bodi ya Mikopo. Ni 15% ya mshahara wa msingi, na yamebaki miezi 14. Hilo kwangu ndilo jambo lenye nguvu kuliko yote ya kukufanya usubiri. Baada ya miezi 14 hela hiyo inarudi mkononi mwako yenyewe, bila kupandishwa cheo na bila kumbembeleza mtu. Ukianza kusoma wakati huo, huku akiba ikiwa imekua kidogo, utalipa ada kwa mihula, na SACCOS huenda usiihitaji kabisa au ukachukua milioni mbili badala ya sita. Ni shahada ile ile, ila hutaisoma huku ukibanwa na rejesho.

Miezi hiyo 14 si ya kukaa. Kwanza, omba kuhamishiwa uendeshaji, hata kwa miezi sita, hata kwa kupokezana na mwenzako. Mameneja wengi wanafurahi kupata ofisa mikopo anayeweza kushika zamu ya kufunga hesabu. Ukikataliwa, omba kukaimu wakati msimamizi yuko likizo, na ukikaimu hakikisha kuna barua. Kukaimu kwa mdomo hakuingii kwenye faili. Pili, tazama mitihani ya TIOB, taasisi ya wanataaluma wa benki Tanzania, ya kupata CPB, cheti chao cha kitaaluma. Inaifuata kazi ya benki moja kwa moja, unajisomea nyumbani na kufanya mitihani kwa awamu, na mtu wa benki akiiona kwenye wasifu wako anajua umesoma nini. Tatu, mko na bahati hapo Mwanza: Chuo cha Benki Kuu kiko Capri Point, na huwa kinaendesha mafunzo mafupi kwa watu wa mabenki. Mwulize ofisa mafunzo wa kwenu kama benki hupeleka watu, na uwe wa kwanza kuandikisha jina. Benki nyingi zina fungu la mafunzo linaloisha mwaka bila kuguswa kwa sababu hakuna aliyeomba.

Kuna hali ambazo zingenifanya nibadili jibu leo hii. Tangazo la kazi la ndani lisome upya, neno kwa neno. Limeandika shahada ya uzamili ni sifa ya lazima, au ni sifa ya ziada? Maneno hayo mawili yana umbali mkubwa. Ikiwa ni ya lazima, basi mfumo unalikata jina lako kabla mtu hajafungua faili, na hapo uzoefu wako wote hauna wa kuusoma. Katika hali hiyo MBA ni ufunguo wa mlango na nitakwambia uitafute, ila kwa mpango wa malipo niliokueleza. Lakini wewe hukuniambia kama uliitwa kwenye usaili. Kama uliitwa mara zote mbili, basi karatasi hazikukuzuia. Ulizuiliwa ndani ya chumba. Hili likumbuke vizuri, maana ndilo jibu la nusu ya swali lako.

Hali ya pili ni benki kukulipia. Ikikubali hata nusu ya ada, hesabu yote inabadilika. Soma tu mkataba wa kubaki: utafungwa miaka mingapi baada ya kuhitimu, na ukiondoka kabla unarudisha yote au sehemu? Ya tatu ni ikiwa moyoni mwako huutaki umeneja wa tawi kabisa, unataka kuhamia shirika la maendeleo, au kufundisha chuoni. Huko shahada ya uzamili inaombwa wazi, na kwa kufundisha wanaangalia na GPA zako zote mbili. Barua yako haina dalili hiyo, lakini watu wengi wameniandikia wakiuliza MBA, nikiwachimba nakuta wamechoka na kazi au na bosi. Kama ni uchovu, omba likizo yako ya mwaka, ulale, kisha tuzungumze.

Ukifika wakati wa kuchagua chuo, hakikisha programu yenyewe, siyo jina la chuo tu, ina ithibati ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Kwa vyuo vya nje vya mtandaoni uliza TCU kama watakitambua cheti kabla hujatuma hata shilingi. Karibu nawe kuna chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe, Chuo Kikuu Huria kinafaa mtu mwenye watoto kwa sababu ratiba yake inakufuata, na kwa mameneja waliokomaa kuna ESAMI, taasisi ya mafunzo ya menejimenti, Arusha. Angalia pia utakaa na nani darasani. Nusu ya faida yangu ilitoka kwa wenzangu: mmoja TRA, mmoja hospitali, mmoja kiwanda cha samaki. Mpaka leo nikikwama nawapigia simu.

Mama mkwe sasa. Usimpuuze, wala usimpe akiba yote. Mchukulie kama unavyomchukulia mteja anayeleta ombi, kwa heshima yake yote. Dagaa anavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali mzigo unapungua na bei inapanda, na mvua zikianza dagaa haukauki vizuri, unakuwa mweusi, mnunuzi wa mbali anaukataa. Kwa hiyo hela inayoingia Mwaloni hairudi kwa mstari ulionyooka. Mwombe akuandikie mizigo mitatu iliyopita: alinunua kwa ngapi, usafiri, magunia, hasara, akauza kwa ngapi. Kama daftari halipo, anzeni kulitengeneza pamoja, hiyo ndiyo zawadi unayoweza kumpa kwa taaluma yako. Ukiona faida inasimama, weka milioni moja, mkiandikiana, na mumeo ashuhudie. Milioni tatu zilizobaki ziache benki.

Mumeo akisema uamue mwenyewe ni heshima kubwa, lakini mtoto wa miaka mitatu anahitaji jibu la nani atakuwepo nyumbani saa moja usiku, siku nne kwa wiki, kwa miaka miwili au zaidi. Hilo msiliache hewani. Kaeni mezani, chukueni kalenda, andikeni jina kwenye kila jioni. Ikibaki jioni isiyo na jina, bado hamjawa tayari.

Wiki hii fanya jambo moja tu. Mwandikie mkuu wa idara ya utumishi, kwa barua pepe, siyo kwa kumvizia kwenye ngazi. Ukiona inakufaa tumia maneno haya: "Naomba dakika 15 za muda wako. Niliomba nafasi ya meneja wa tawi mara mbili na ningependa kujua ni eneo gani kwenye usaili nilipata alama chache, na kama shahada ya uzamili ni sifa ya lazima kwa nafasi hiyo. Pia ninaomba kufikiriwa kwa mzunguko wa miezi sita katika uendeshaji." Maombi matatu, basi. Usilalamike na usiwataje waliochaguliwa. Ada ya fomu ya chuo usiilipe mpaka amekujibu, hata kama dirisha litafungwa. Darasa la jioni linafunguliwa kila mwaka. Akikujibu, niandikie alichosema neno kwa neno, na uniambie kama umewahi kushika funguo za kuba.